Mkono wa Mkwe Wangu

Kwetu, upande wa Bungoma, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja. Ukimwona mkwe wako anakuja njiani unajitosa kwenye mahindi mpaka apite, na yeye akikuona kwanza anafanya hivyo hivyo. Ukiwaeleza Wazungu wanadhani mnachukiana. Mimi nimekaa Minnesota miaka mingi, nimewaona wakwe wa huku wakikumbatiana mlangoni na kuanza kusengenyana kabla makoti hayajatundikwa. Sisi tunaheshimiana, na heshima yetu inataka nafasi. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Mkwe ninayemsema ni mume wa binti yangu wa pekee. Alikuwa nesi kwenye hospitali kubwa, mtu wa kazi, si wa maneno. Alinunua nyumba mpya kule Blaine, vyumba vinne na gereji ya magari mawili, na ndani ya nyumba hiyo sijalala hata usiku mmoja, kwa sababu ni nyumba ya mkwe. Nilikaa kwenye fleti yangu Brooklyn Park, ghorofa ya pili, na wajukuu waliletwa kwangu. Yeye akiwaleta alisimama nje na gari akapiga honi. Mimi nilishuka nikafungua mlango wa chini, nikajificha nyuma yake mpaka watoto wakapita chini ya mkono wangu. Nilimjua kwa honi, na kwa kikohozi chake, kikavu, cha mtu anayesafisha koo kama anayetaka kusema jambo, kisha hasemi. Uso wake niliujua kwenye picha ya harusi tu: amenyoa, ana mashavu, amevaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri. Sura hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani miaka yote.

Na tulipendana, msidhani hatukupendana. Nilipopasuliwa goti, kila asubuhi nilikuta gari langu limeshapanguswa theluji na kioo kimekwanguliwa, na sikuwahi kumwona aliyefanya. Nami nilimtumia ugali wa wimbi na mboga ya mrenda kwenye bakuli, kwa mkono wa binti yangu, na bakuli lilirudi limeoshwa. Alinipa wajukuu watatu. Nikitembea nao kanisani watu hugeuza vichwa: warefu, wasafi, meno kama ya tangazo, na yule mkubwa anasoma vitabu vinene kuliko Biblia yangu. Wananijibu kwa Kiingereza nikiwasemesha, lakini nikiwaambia kwa Kiswahili wavue viatu wanavua.

Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la nne. Naandika kama ninavyosema, na anayeona makosa ayarekebishe kimoyomoyo.

Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kwenye nyumba ya wazee, kuwaosha, kuwageuza, kuwalisha. Kulikuwa na bibi mmoja Mzungu aliyekufa polepole sana, na mimi ndiye niliyekaa naye. Binti yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Baada ya mazishi akanipigia simu. Alikuwa anafungua kliniki ndogo Saint Paul, ya watu wenye ile huzuni nzito isiyosikia vidonge. Wangepewa ketamini, dawa ile ile ya kulaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, ila kwa kipimo kidogo kisichomlaza mtu bali kinamtoa ndani ya kichwa chake, anakwenda anakokwenda, kisha anarudi. Akasema anahitaji watu wa kukaa na wagonjwa wakiwa safarini. Nikamuuliza, wakikaa peke yao inakuwaje? Akasema wanaogopa, na aliyeogopa akiwa huko anarudi na hofu hiyo nyumbani kwake.

Basi nikafundishwa. Mimi naiita kazi ya kusindikiza. Kwetu mgeni akiondoka unamsindikiza mpaka njia panda, unatembea kando yake, mzigo unaweza kumsaidia, lakini safari ni yake. Chumba kilikuwa na kochi la kulala, blanketi zito, taa moja ya chini pembeni, ndoo ya kutapikia, na muziki usio na maneno. Mgonjwa anafungwa kitambaa machoni, nesi anamdunga begani, na mimi nakaa kwenye kiti kifupi kando ya kochi. Simsemeshi. Simwambii anachokiona kina maana gani. Kama alikubali kabla kushikwa mkono, namshika. Akishtuka nina maneno mawili tu ninayoruhusiwa: uko salama, niko hapa. Na sharti moja lilikuwa juu ya yote: ukishaingia, hutoki mpaka arudi.

Watu wanafikiri ni kazi laini, kukaa tu. Ni kukaa na mtu anayechunwa. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, alilia kama ndama kutoka mwanzo hadi mwisho, akaamka akaomba kitu cha kula. Mzee mmoja aliyekuwa mkulima aliwaaga ng'ombe wake kwa majina yao, mmoja mmoja, ng'ombe waliokwisha kuuzwa mnadani. Kijana aliyetoka vitani alinibana kifundo cha mkono mpaka nikawa navaa mikono mirefu kanisani. Yule mwalimu alipona, akawa anatuletea keki. Yule kijana hakurudi, na siku tulipopata habari zake daktari alijifungia ofisini, tukamsikia akilia kupitia ukuta.

Kanisani sikumwambia mtu. Wale akina mama wangesema nawapa Wazungu bangi, na kesi ingefika kwa mchungaji kabla ya sadaka. Tena siri za wagonjwa ni siri. Hata binti yangu nilimwambia tu nakaa na wagonjwa kwenye kliniki fulani, naye ana watoto watatu na kazi ya shifti, hakuuliza zaidi.

Sasa niseme kilichomwangusha mkwe wangu.

Mama yake alifariki kule nyumbani. Yeye ndiye kifungua mimba. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia kumtupia mama yake udongo, wengine wanafuata. Lakini kesi yake ya makaratasi ya ukaazi ilikuwa katikati, na wakili alimwambia wazi kwamba akitoka hatarudishwa, atawaacha mke na watoto huku. Akabaki. Mazishi tuliyatazama kwa simu, yeye Blaine, mimi kwangu. Mdogo wake alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja, picha inayumba, tunaona anga, tunaona kofia za watu, tunaona jeneza limeshikiliwa na kamba juu ya shimo. Mtandao ukakatika hapo hapo. Picha iliporudi watu walikuwa wanakula.

Nilidhani atalia yaishe. Hakulia. Alianza kukosa kazini. Binti yangu alikuwa akimkuta ameketi ndani ya gari gerejini, gari limezimwa, mikono kwenye usukani. Binti yangu akipika, yeye hali, akimsemesha anajibu sawa, sawa. Siku moja mchana binti yangu alisahau kitu nyumbani akageuza njiani kukifuata, na Mungu ndiye aliyemsahaulisha. Sitaandika alimkuta vipi mume wake. Nitasema alimwahi.

Alilazwa. Alipotoka alipewa vidonge, vikabadilishwa, vikabadilishwa tena. Honi ikakoma kusikika kwangu, watoto wakawa wanaletwa na mama yao, naye kila nikimwona amekonda kuliko jana. Alificha visu, alificha funguo za gari, alilala akimsikiliza mumewe akipumua. Siku moja akaniambia, akiwa amesimama mlangoni na koti lake, kwamba madaktari wana kitu kimoja cha mwisho cha kujaribu. Hakusema kitu gani wala wapi. Sikuuliza. Mama mkwe haulizi habari za mwili wa mkwe.

Ilikuwa Januari, mwaka mzima kabla ya korona. Nilikuwa siku ya mapumziko, nachambua maharagwe, daktari akanipigia. Mwenzangu wa kazi, kijana mmoja Mmarekani mpole, gari lake lilikuwa limeteleza likaingia mtaroni barabarani, yuko salama lakini hatafika. Kuna mgonjwa wa mara ya kwanza. Amejiandaa na yule kijana kwa majuma, hajala tangu jana, ameshafika. Asiposindikizwa hadungwi, na nafasi nyingine haiko karibu. Daktari akasema atakaa naye mwenyewe mpaka nifike, kisha ana mgonjwa mwingine.

Nikaendesha nikiomba njia nzima. Nilipofika daktari alikuwa ananingoja mlangoni mwa chumba. Mgonjwa alikuwa ameshadungwa, amefungwa macho. Ameambiwa anakuja mama mtu mzima, amekubali. Amekubali pia kushikwa mkono. Akanitajia jina lake la kwanza, jina la ubatizo ambalo kila kanisa la Wakenya linalo mara kumi. Sisi mkwe hatumwiti kwa jina hilo wala jingine, tunamwita baba wa mtoto wake. Halafu daktari akanishika bega akasema, "Huyu ni wa kushikilia. Leo ikienda vibaya sidhani kama atajaribu kitu kingine."

Nikaingia. Nikamtazama vizuri kama ninavyowatazama wote, ili nijue anavyopumua. Mwanamume mweusi, mwembamba sana, ndevu zimeota ovyo, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, kitambaa machoni, blanketi hadi kidevuni. Nikajisemea huyu atakuwa Mliberia, Brooklyn Park wamejaa. Nikakaa. Punde mkono wake wa kulia ukatoka chini ya blanketi ukawa unapapasa hewani. Nikaushika. Ulikuwa mkavu, wa moto, kucha zimekatwa fupi kabisa.

Kisha akakohoa.

Nikajiambia wanaume wengi hukohoa. Akakohoa tena, halafu akasema kwa lugha yetu, lugha ya kwetu kabisa, si Kiswahili, si Kiingereza. Alikuwa anamwambia mtu ainue simu. Inua, inua juu zaidi, simama juu ya kiti, mtandao uko juu huko. Usiniache sasa.

Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta baba yake. Mkono wangu wenyewe ulitaka kuruka utoke. Mkwe wangu amelala mbele yangu, miguu imenyooka, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo, na mimi nimemshika kiganja kama mchumba. Mila zote nilizolishwa zilisema kitu kimoja: toka. Toka, funga mlango, ukaoge.

Nikawaza yule kijana wa vitani. Nikawaza gereji. Nikawaona wale watatu wangu wamesimama kanisani kwa mstari, nguo nyeusi, kila mtu anawagusa vichwa. Aibu iko upande huu, jeneza liko upande ule, na mimi ndiye niliyekaa katikati.

Nikageuza uso ukutani. Mkono nikauacha alipoushika.

Kwa muda akatulia. Kisha akaanza kutetemeka, jasho likamtoka mpaka kiganja changu kikalowa, pumzi ikawa ya mtu anayekimbia. Akanyanyua kichwa. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliye macho:

"Nani? Nani amenishika mkono?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mtu akiuliza hivyo unamjibu, uko salama, niko hapa, kwa lugha yake. Lakini sauti yangu aliijua. Miaka yote ameisikia kwenye ngazi za fleti, nikiwakaripia watoto kwa viatu vya theluji, nikiwaimbia, nikimfokea jirani kwa taka. Nikifungua mdomo ataamka katikati ya safari akute ameshikwa na mama mkwe, na sijui angeamkia wapi.

Akauliza tena kwa Kiingereza. Nami nikajibu kwa Kiingereza, nikaibana sauti puani, nikaivuta kama wale manesi Wazungu wa huku kaskazini wanavyoivuta. Nikasema uko salama, niko hapa. Ingekuwa siku nyingine ningejicheka mpaka nikae chini.

"Asante, sista," akasema, akalaza kichwa.

Muda ukapita. Taa ilikuwa nyuma yetu, na ukutani nilipokuwa nimekodolea macho niliona vivuli vyetu, changu kimejikunyata kama gunia, chake kimelala. Akawa anauvuta mkono wake. Nikafikiri ameshtuka tena, nikamkaza. Akavuta, nikakaza. Kisha nikaelewa. Ni mkono wa kulia. Nikamwachia.

Kivuli cha mkono kikashuka hadi sakafuni, kikachota, kikapanda, kikatupa. Kikangoja. Nikasikia mkono wa sweta ukisugua kochi, kikashuka tena, kikachota, kikatupa. Hakuwa na kitu mkononi, sakafu ile ilikuwa imefagiliwa asubuhi. Alifanya hivyo mara nyingi, akingoja kila mara, kama mtu anayetega sikio kisimani baada ya kutupa jiwe. Halafu akasema kwa lugha yetu, polepole:

"Nautupa hauanguki."

Ningeweza kugonga mguu wa kiti kwa kidole, tu, tu, asikie udongo umefika. Niliwaza hivyo, kidole kilikuwa tayari. Sikugonga. Sauti ya uongo nilikwisha kumpa moja, na ile ilikuwa ya kumtuliza. Kumdanganya mtu juu ya kaburi la mama yake ni jambo jingine. Nikabaki natazama ukuta, machozi yananiingia mdomoni, na yeye anatupa udongo usioanguka mpaka mkono ukachoka ukabaki umening'inia. Nikaushika tena ukiwa chini hapo hapo.

Dawa ilipoanza kumwacha nilijua kwa pumzi yake. Nikabonyeza kengele. Nesi alipokuja nikamwambia kwa ishara akae, nikatoka uso bado ukiwa ukutani, nikaenda kumgongea daktari.

Nilimweleza kwenye korido. Alinisikiliza mara ya kwanza hakuelewa. Alishika neno moja tu, kwamba ni ndugu, akasema ndugu haruhusiwi kusindikiza ndugu, kwa nini sikumwambia. Nikamwambia sikujua ni yeye. Akaniuliza inawezekanaje mtu asimjue mume wa binti yake. Nikamweleza habari ya mahindini na honi na mlango. Alikuwa mtu mwerevu na alinipenda, nikaona anajitahidi kabisa.

Nikamwomba kitu kimoja. Mkwe wangu asiambiwe. Mwenzangu alipaswa kuja, akaja mama mmoja badala yake, imekwisha. Vipindi vilivyobaki atakaa na huyo mwenzangu, atapona, hatajua.

"Siwezi," akasema. "Aliuliza ni nani amemshika mkono. Umeniambia mwenyewe aliuliza."

"Alijibiwa."

"Hakujibiwa. Ametukabidhi kichwa chake tukifungue. Nikianza kumficha mambo, ataniaminije?"

Nikamwambia ukimwambia utamuua, na damu yake itakuwa kwenye korido hii. Akabadilika rangi. Lakini hakulegea. Akasema hatamwambia leo, dawa ikiwa bado mwilini. Atamwita kesho, akili imetulia, mke wake akiwepo. Leo hii ninavyoandika bado namwona alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na yangu, na mkwe wangu ndiye aliyekuwa katikati amefungwa macho.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma bila koti, nikakaa ndani ya gari langu, siwezi hata kuliwasha. Gari likaja likaegeshwa kando yangu. Akashuka binti yangu, amekuja kumchukua mumewe. Aliona gari langu kabla ya kuniona mimi. Lile gari lina mlango wa rangi tofauti, hulikosei. Akaja akagonga kioo.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi hapa."

Akaitazama kliniki, akanitazama mimi. Niliona inavyomwingia.

"Usiniambie ni wewe uliyekaa naye."

Akaweka kipaji cha uso kwenye kioo changu, pumzi yake ikakijaza ukungu.

"Amekuona?"

"Bado. Ila ataambiwa."

"Mama," akasema, "si bora ungetoka tu?"

"Halafu nani angebaki?"

Baadaye akasema ameelewa, ila asingependa kuelewa. Akaingia ndani. Nikawaona wakitoka, yeye amemshika mumewe kiwiko, mume bado amelewa dawa, macho chini, na mimi nikalala juu ya kiti cha pili, goti bovu likinililia, ili asione kichwa changu akipita. Nilikaa hivyo mpaka gari lao likaondoka.

Kesho yake akaambiwa. Binti yangu alimwomba daktari asiseme, akamwomba hadi mlangoni, haikusaidia. Alinisimulia kwamba mumewe alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti, akasema asante. Hakukasirika. Kisha akauliza swali moja, na kwa vile hakuna aliyekuwa na jibu daktari alinipigia simu mimi pale pale, akiwa ameketi naye. Swali lenyewe lilikuwa:

"Alinitazama?"

Nilijua simu ile inasikika chumba kizima. Nilijua nikisema sikumtazama kabisa, ni uongo, na mtu niliyemdanganya kwa sauti sistahili kumdanganya kwa macho pia. Nikaongea kwa Kiswahili, kwa sauti yangu yenyewe, nikimwelekezea binti yangu kama tunavyofanya siku zote, yeye mkwe akiwepo tu kusikia.

"Mwambie hivi. Mgonjwa nilimtazama nilipoingia. Mkwe wangu sikumtazama. Nilipojua ni yeye, nilitazama ukuta mpaka nikatoka."

Halafu nikasikia kikohozi, na daktari akakata simu.

Hakurudi kliniki. Vipindi vyote vilivyobaki alivikataa. Daktari alipiga simu, alituma ujumbe, alimtafutia kliniki nyingine, akakataa. Majuma yale sitaki kuyakumbuka. Nililala na simu kifuani, ikilia naona giza kabla sijapokea. Kila mara alikuwa binti yangu, akisema leo amekunywa chai, leo hajasema kitu, leo ameketi gerejini lakini mlango uko wazi.

Mjomba mmoja wa mkwe wangu alipigiwa huko nyumbani, naye akampigia kaka yangu, wazee wakaongea. Walisema mgonjwa ni mgonjwa, aibu haikumwangukia mtu. Mkwe wangu aliwashukuru. Akamwambia binti yangu wazee wanaweza kuiondoa kwao, kwake bado ipo. Akipita Brooklyn Park mwili unakufa ganzi. Akienda duka la vyakula vya kwetu anachungulia kwanza kama nimo. Kanisani asingeweza kuimba akijua nimeketi upande wa akina mama, na mama huyo amesikia aliyoyasema. Na hakukumbuka alisema nini, hilo ndilo lililomla zaidi. Alimtuma binti yangu aniulize. Nikasema kilichosemwa pale si changu kukirudia, ni chake, na yeye ndiye atakayekikumbuka akiwa tayari.

Theluji ilipoyeyuka waliuza nyumba. Wakahamia Texas, kwenye mji ambao una hospitali nyingi na Wakenya wachache. Binti yangu alikuja kuniaga na watoto, akalia, mimi sikulia mbele yao. Nilimwambia mtu akichagua kuishi, anachagua na mahali. Gari lilipogeuka kona nikapanda ngazi, nikafagia fleti, nikafua mashuka ya wajukuu ambayo yalikuwa safi.

Mimi niliendelea na kazi ile mpaka korona ikafunga milango. Ila kabla ya kuingia chumbani nilikuwa nauliza: ametoka wapi, ameoa wapi, ana watoto wa nani. Daktari aliniruhusu. Kwa Mzungu sikujali. Kwa Mwafrika yeyote nilingoja jibu nimesimama.

Yu hai. Alirudi kwenye unesi, zamu za mchana tu. Hajapona vizuri. Binti yangu anasema kuna siku anakuwa mbali, wanamwacha, anarudi. Makaratasi bado. Kaburi la mama yake halijamwona.

Jumapili binti yangu hunipigia simu ya video, akaisimamisha mezani kwao, nikawa na wajukuu wakila. Mkubwa ameshanipita urefu, nadhani, kwenye simu hujui. Mdogo Kiswahili kimemtoka, ananiita nyanya na hapo ndipo kinapoishia. Baba yao akiingia kula, binti yangu huilaza simu kifudifudi. Kioo changu kinakuwa cheusi. Nasikia kiti kinavutwa, nasikia sahani, nasikia anaomba chumvi. Sikati, wala siongei. Nashika simu hivyo hivyo, ikiwa nyeusi, mpaka amalize kula.